Mpira Uliovuka Ua

Sebule nzima ilinyamaza. Ilikuwa Jumamosi, Juni 29, 2024, karibu saa tatu za usiku, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi fupi, T20, na Afrika Kusini walihitaji mikimbio 16, yaani pointi 16, katika mipira sita ya mwisho ili waishinde India. David Miller akaupiga wa kwanza, ukapaa kuelekea mpakani, na sote tuliokuwa mle ndani tukajua huo umevuka. Suryakumar Yadav wa India akaudaka ukingoni kabisa mwa kamba, akahisi mwili unampeleka nje, akaurusha juu, akatoka, akarudi ndani, akaudaka tena. Miller akawa ametolewa.

Mwanangu alipiga ukelele. Mimi nilisimama. Ami yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, alibaki kwenye kiti chake cha pembeni na tasbihi mkononi, kama alivyokaa tangu saa kumi na moja na nusu jioni mechi ilipoanza.

"Uwanja huo uko wapi?" akauliza.

"Barbados, ami. Mji wa Bridgetown."

Kamera ilikuwa ikipita majukwaani. Akatazama nyuso. "Na wenyeji wa huko ni watu weusi kama sisi?"

"Wengi wao. Walipelekwa kwa utumwa."

Akavuta punje mbili tatu za tasbihi.

"Basi bwana aliwachapa, halafu akawafundisha mchezo wake, nao wakaupenda."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayesikitikia jirani. India wakashinda kwa mikimbio saba, watoto wakaenda kulala, kesho yake ami akapanda treni kurudi kwake. Maneno yake yalibaki nami Julai yote, na Agosti pia.

## Senti kumi yenye tundu

Yafaa niseme ami anakijua kriketi kwa njia gani.

Alipokuwa mtoto, kabla ya uhuru, kulikuwa na klabu moja mjini yenye ua wa michongoma, na ndani ya ua nyasi zilizokatwa hadi zikafanana na zulia. Waafrika waliingia kwa mlango wa nyuma, wakiwa na mafyekeo au sinia. Ami na wenzake walikaa chini ya mwembe nje ya ua. Mpira ukivuka na kuangukia mferejini, waliukimbilia. Atakayeurudisha hupewa senti kumi, zile sarafu zenye tundu katikati.

"Kila mpira tuliurudisha," aliniambia zamani nikiwa mdogo. "Kila mmoja." Akaongeza kwamba hakuwahi kumwona mtu aliyeupokea. Mkono tu ulichomoza juu ya michongoma.

Kwa hiyo aliponiambia vile siku ile ya fainali, hakuwa mtu asiyejua. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyependa mchezo huu bila kuuliza, tangu Februari 29, 1996, siku Kenya ilipofunga mikimbio 166 pale Pune, kisha ikawaondoa West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, wote kwa 93, nahodha Maurice Odumbe akichukua wiketi tatu, yaani akiwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Sikujiuliza hata siku moja West Indies ni nani, wala kwa nini kuwafunga wao kulikuwa habari ya dunia.

## Kisiwa kilichogeuzwa shamba

Barbados ni ndogo. Kilomita za mraba 430 hivi, watu wasiofika laki tatu. Kisiwa cha Unguja ni kikubwa zaidi ya mara tatu. Waingereza walitua kufanya makazi Februari 1627, na kufikia miaka ya 1640 walikwisha kuona kwamba sukari inalipa kuliko tumbaku na pamba. Tangu hapo kisiwa kikawa miwa toka pwani hadi pwani, na meli zikaleta watu kutoka Afrika Magharibi kuikata. Mwaka 1661 wakaandika sheria ya watumwa, ambayo baadaye Jamaika na Carolina Kusini waliiga.

Pasaka ya 1816, Aprili 14, mtumwa aliyeitwa Bussa aliongoza uasi. Miwa iliwaka usiku kucha. Jeshi liliuzima kwa siku chache, na mamia waliuawa au kunyongwa.

Utumwa ulifutwa Agosti 1, 1834. Waliolipwa fidia ni mabwana. Watumwa wenyewe walitakiwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka minne zaidi, kwa jina la uanagenzi.

Kriketi ilikuja katikati ya hayo yote, mikononi mwa maafisa wa jeshi la Uingereza na wenye mashamba. Yaani watu waliomzima Bussa na watu walioleta mchezo huu walikuwa walewale. Nilipofika hapo niliona ami ana haki zote, nikafunga kompyuta.

Nilikaa siku kumi bila kuifungua tena.

## Mtoto wa Pickwick Gap

Kilichonirudisha ni jina la kichochoro.

Uwanja ule wa fainali unaitwa Kensington Oval. Tangu 1882 ulikuwa makazi ya klabu ya Pickwick, na Pickwick ilikuwa ya wazungu. Wanderers, iliyoanzishwa 1877, ilikuwa ya wazungu wenye mali zaidi. Spartan ilikuwa ya mawakili, madaktari na walimu, machotara na weusi waliosoma. Empire ikazaliwa 1914 kwa ajili ya weusi ambao hata Spartan waliwaona wako chini. Kisiwa kidogo namna ile, na kila klabu ikiwa ngazi yenye mlinzi wake.

Na chini ya ngazi zote kulikuwa na mtoto aitwaye Everton Weekes. Alizaliwa Februari 1925, katika nyumba ya mbao mtaa wa Westbury, kwenye kichochoro kiitwacho Pickwick Gap. Aliishi kwenye njia yenye jina la klabu ambayo haingempokea kamwe. Baba yake alikwenda Trinidad kutafuta kazi kwenye mafuta. Mtoto akaingia Kensington kwa njia pekee iliyokuwapo: aliwasaidia wafanyakazi wa uwanja, akavuta roli, akafagia. Ujira wake ulikuwa kuruhusiwa kutazama mechi. Mara nyingine mchezaji akikosekana, aliitwa akasimame uwanjani kudaka.

Niliposoma hayo nilimwona ami chini ya mwembe.

Tofauti ni yaliyofuata. Mwaka 1936 watu walioachwa nje walianzisha ligi yao, Barbados Cricket League, ya makuli wa bandarini, wakata miwa na mafundi wa vijijini, wakicheza kwenye malisho ya ng'ombe. Ikumbukwe kisiwa kilikuwa kinatokota: Julai 1937 serikali ilimfukuza Clement Payne, aliyekuwa akiwahutubia wafanyakazi Bridgetown, watu wakaingia barabarani, na 14 wakauawa. Wale wale waliokuwa wakidai mshahara siku za kazi ndio waliokuwa wakidai wiketi mwisho wa wiki. Weekes alianzia katika ligi hiyo. Alipojiunga na jeshi 1943 ndipo alipopata mlango wa kuingia ligi kubwa, kwa sababu timu ya jeshi haikuuliza ngozi.

Kati ya 1948 na 1949 alifunga mikimbio mia na zaidi mara tano mfululizo katika mechi za testi, zile za siku tano, moja dhidi ya Uingereza na nne India. Mara ya sita, Madras, alitolewa akiwa na 90. Rekodi hiyo ya mara tano bado haijavunjwa.

Na hakuwa peke yake. Frank Worrell na Clyde Walcott walizaliwa jirani naye, wote watatu ndani ya miezi 18, wote karibu na ukuta wa Kensington. Leo jukwaa moja la uwanja ule lina majina yao matatu. Ni lile lile ambalo kamera ilikuwa ikilipitia ami alipouliza wenyeji ni nani.

## Nani anaongoza

Bado swali lilikuwa halijajibiwa. Kucheza vizuri mchezo wa bwana hakumfanyi mtu awe huru. Farasi hodari naye husifiwa.

Nadhani jibu lilianza kunijia nilipofuatilia suala la unahodha. West Indies walianza mechi za testi mwaka 1928. Kwa zaidi ya miaka 30 waliorusha mpira kwa kasi walikuwa weusi, waliofunga mikimbio walikuwa weusi, lakini aliyeamua nani arushe na nani asubiri alikuwa, karibu bila kukosa, mtu asiye mweusi. Januari 1948 George Headley wa Jamaika aliongoza mechi moja, na ilikuwa hapo hapo Kensington. Moja tu.

Watu wa visiwani walilielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mnyapara na nahodha walikuwa picha moja. Zikapigwa kelele magazetini na mitaani, na mwaka 1960 Worrell akapewa timu kwenda Australia, mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa unahodha kwa mfululizo mzima.

Mechi ya kwanza, Brisbane, ilimalizika timu zote zikiwa sawa kwa sawa, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea katika historia ya mechi za testi. Walishindwa mfululizo ule 2-1. Lakini siku ya kuondoka Melbourne, barabara zilijaa Waaustralia waliokuja kuwaaga, wakiwa wamepangwa pande zote mbili kama wanaoaga harusi. Hadi leo nchi hizo mbili hugombea kombe lenye jina lake.

Kitu kimoja kuhusu Worrell kilinigusa zaidi ya yote. Machi 1962 India walikuwa wakicheza na Barbados, na nahodha wao Nari Contractor akapigwa kichwani na mpira wa Charlie Griffith, akawa kati ya uhai na mauti. Worrell alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitolea damu. Bengal mpaka leo humkumbuka kwa siku ya kuchangia damu. Nilipotazama India wakilia kwa furaha Bridgetown sikujua kwamba damu ya kisiwa kile iliwahi kuingia katika mishipa ya nahodha wao.

Worrell alifariki 1967 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 42. Barbados ilikuwa imepata uhuru miezi michache tu kabla, Novemba 30, 1966.

## Jambo ambalo nusura linitoe

Sasa nifike kwa Garfield Sobers, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika kabisa.

Alizaliwa Julai 1936 mtaa wa Bay Land akiwa na vidole sita kila mkono. Alikuwa na miaka mitano meli ya baba yake ilipozamishwa kwa kombora na nyambizi ya Kijerumani. Walicheza barabarani kwa donge la lami na kipande cha ubao kilichochongwa. (Sehemu nyingine za kisiwa gongo la kupigia lilichongwa kwa upongoo wa mnazi, na msomaji wa pwani anajua upongoo mkavu ulivyo mwepesi mkononi.) Ili aweze kucheza ligi kubwa aliingizwa bendi ya polisi kupiga tarumbeta. Akiwa na miaka 21 aliwafunga Pakistan 365 bila kutolewa, rekodi iliyodumu miaka 36. Mwaka 1968, Swansea, alipiga mipira sita ya zamu moja na yote sita ikaruka mpaka. Wengi wanaoujua mchezo husema hajatokea mwingine aliyekamilika kama yeye.

Na Septemba 1970 alikwenda Rhodesia ya Ian Smith kucheza.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa Rhodesia ya 1970 ilikuwa nini. Karibi nzima iliwaka. Forbes Burnham wa Guyana akasema Sobers hakaribishwi kwake. Hatimaye Sobers aliandika barua ya kujutia. Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Ndiye mtu niliyetaka kumpelekea ami kama jibu, naye alikwenda kushikana mkono na yule.

Halafu 1983. Makaburu waliwanunua wachezaji wa West Indies kwa fedha nyingi ili wavunje susio la michezo dhidi ya Afrika Kusini, na kikosi hicho kilikuwa na watoto kadhaa wa Barbados: Sylvester Clarke, Collis King, Ezra Moseley, Franklyn Stephenson. Huko wakapewa hadhi ya kuwa "wazungu wa heshima". Nyumbani wakafungiwa maisha, adhabu iliyoondolewa 1989. Wengine, kama Viv Richards na Michael Holding, walizikataa fedha hizo. Waliokwenda, baadhi yao walikuwa hawana kazi na waliona mlango wa timu ya taifa umefungwa. Sitawatetea. Ila siwezi kujifanya najua ningejibu nini kama ningekuwa na miaka 30 na watoto wawili nyumbani.

Nilimaliza wiki nzima nikiwa upande wa ami.

## Viti vitupu

Mwaka 1992, Aprili, Afrika Kusini mpya walicheza mechi yao ya kwanza ya testi tangu warudishwe duniani, dhidi ya West Indies, na walichezea Kensington Oval. Ulikuwa wakati wa kihistoria, na ungetegemea uwanja ufurike.

Viti vilikuwa vitupu.

Wabarbados walisusia. Kijana wao Anderson Cummins, mrushaji, alikuwa ameachwa nje ya timu, na kisiwa kizima kikasema: asipocheza Cummins, hatuji. Kwa siku tano walikaa majumbani, redio zikiwa wazi. Afrika Kusini walihitaji 201. Mwisho wa siku ya nne walikuwa 122 na wamepoteza wiketi mbili tu, ushindi uko mlangoni. Asubuhi ya tano Curtly Ambrose na Courtney Walsh wakawamaliza kwa 148, na kelele zilizosikika zilikuwa za wachezaji wenyewe.

Nimelitafakari hili kuliko rekodi zote. Hawakususia kwa sababu ya ubaguzi wa makaburu. Walisusia kwa sababu ya mtoto wao mmoja. Mtu anaweza kuliona dogo. Mimi niliona mwenye nyumba akifunga mlango wa nyumba yake. Mtu aliyefundishwa mchezo na bwana wake na bado akiwa chini yake hasusii. Husubiri nje ya ua. Kususia kunataka uwe tayari unaamini kwamba uwanja ni wako.

Na mwaka 1998 Barbados ilipowataja mashujaa wake kumi wa taifa, Bussa alikuwemo, Clement Payne alikuwemo, na Sobers alikuwemo, pamoja na doa lake. Kisiwa chenyewe kilikuwa kimemweka mchezaji kwenye orodha moja na mwasi. Novemba 2020 waliishusha sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, katikati ya Bridgetown, mwaka mmoja baadaye wakamwondoa Malkia na kuwa jamhuri. Kriketi hawakuiondoa. Walijua kipi ni cha mgeni na kipi kimekuwa chao.

## Wiketi za Chris Jordan

Sisemi mambo ni shwari. Siku sita kabla ya fainali ile, kwenye uwanja uleule, mrushaji mmoja aliwatoa Wamarekani wanne katika mipira mitano, watatu wa mwisho mfululizo. Alizaliwa Barbados, akasoma Combermere, shule aliyosoma Worrell. Jina lake Chris Jordan, na jezi aliyovaa ilikuwa ya Uingereza. Jofra Archer, mtoto wa Bridgetown, pia ni wa Uingereza.

West Indies ambao kati ya 1980 na 1995 hawakupoteza mfululizo hata mmoja wa testi, leo hushangiliwa wakiambulia sare. Vijana wa kisiwani wana mbio, wana mpira wa kikapu, wana simu. Obadele Thompson aliwaletea shaba ya mita 100 Sydney 2000, na Sada Williams shaba mbili za dunia kwenye mita 400. Wana hata mchezo wao wenyewe waliouzua miaka ya 1930, tenisi ya barabarani, unaochezwa kwa kibao cha mti kwenye lami, ubao mfupi ukiwa ndio wavu. Huo hakuna bwana aliyewafundisha.

Nilitazama video zake usiku mmoja, wazee kwa vijana wamechuchumaa karibu kugusa chini, na nikajiuliza kama upendo ule wa Kensington ulikuwa wa kizazi kimoja chenye deni la kudai. Sijapata jibu ninaloliamini.

Majuma matatu kabla ya fainali hiyo, Uganda walikuwa wamecheza na West Indies kule Guyana na kutolewa wote kwa mikimbio 39. Watu walicheka mitandaoni. Lakini siku tatu nyuma walikuwa wamewashinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga mwenye miaka 43 alirusha zamu nne akatoa mikimbio minne tu. Miaka 43. Nilimwonyesha mwanangu mara mbili.

## Simu

Mwezi wa tisa nilimpigia ami. Nilimsimulia Weekes mwanzo hadi mwisho: kichochoro, roli, ufagio, malisho ya ng'ombe, mikimbio mia mara tano. Nikamweleza viti vitupu vya 1992. Rhodesia nayo nilimweleza, sikumficha.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia muadhini kwa mbali upande wake.

"Huyo Weekes yu hai?"

"Alifariki Julai 2020, ami. Alikuwa na miaka 95."

"Alizikwa wapi?"

Nikamwambia: chuo kikuu cha kisiwani kwao, kilimani Cave Hill, kando ya uwanja wa kriketi wenye jina lao watatu. Worrell na Walcott walikuwa wamemtangulia hapo.

Akanyamaza kitambo.

"Mpira ule ni mzito," akasema. "Wewe umeuona kwenye runinga tu. Ukiushika mara ya kwanza unashtuka. Ngozi nyekundu, na ule mshono katikati unausikia kwa kidole gumba."

"Uliniambia mlirudisha yote, ami."

"Mmoja sikuurudisha."

Alikuwa ameufukia chini ya mbuyu nyuma ya nyumba ya bibi, amefungia kwenye kitambaa, na jioni alikwenda kuufukua ili aushike tu. Hakuwa na mtu wa kucheza naye. Mvua za mwaka ule zilipokwisha alikwenda tena, akachimba pale pale, akachimba na pembeni, hakuukuta.